Bwana Msa Yupi Aliye Halisi?

Sokoni Muthara, katika Tigania, niliwakuta walimu wawili wakibishana juu ya riwaya za Muhammed Said Abdulla. Mmoja alishikilia kwamba Bwana Msa halisi ni yule wa Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na Kisima cha Giningi (1968): mvuta kiko aushindaye ushirikina kwa hoja. Katika vitabu vilivyofuata, alidai, limebaki jina tu. Mwenziwe, aliyemjua Msa kwanza katika Duniani Kuna Watu (1973), hakuuona upungufu huo.

Rai ya mwalimu wa kwanza ni ya wahakiki wengi pia, nayo ina kasoro. Humpima Msa kwa kipimo cha Sherlock Holmes, ambaye kweli ndiye kielelezo chake, kisha humlaumu kila aachapo kufanana naye. Ama katika riwaya za baadaye, hasa Mwana wa Yungi Hulewa (1976), fumbo kubwa ni la nasaba: nani ni mwana wa nani. Fumbo hilo ni la Unguja zaidi kuliko la London, na msomaji wa Tigania hahitaji kufasiriwa uzito wake. Nakubali kwamba kwa ufumaji wa visa Mzimu haujapitwa; lakini ufumaji si kipimo pekee cha riwaya.

Nilipomtajia Kosa la Bwana Msa (1984), mwalimu yule alijibu kwamba hajakisoma, wala hana nia.