Sungura, Tembo na Msimamo wa Ligi

Viktor Goncharenko aliacha kucheza akiwa na miaka 25 kwa jeraha la goti. BATE Borisov wakampa kazi ya ukocha, na mwaka 2008 akaifanya kuwa klabu ya kwanza ya Belarusi kucheza makundi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mwaka 2012 wakaichapa Bayern Munich 3-1. Tangu hapo husimuliwa kama sungura aliyemshinda tembo.

Hadithi hiyo hainitoshi. Mwaka 2018, akiwa na CSKA Moscow, aliifunga Real Madrid 1-0 nyumbani, kisha 3-0 kwao Bernabéu. Kundi lilipoisha, CSKA walishika mkia: kati ya ushindi huo miwili, Viktoria Plzeň waliwafunga 2-1 Moscow. Sifa za usiku mmoja zinaficha udhaifu huo. Zinaficha pia kazi yake bora, ambayo wengi hawaitaji: mataji matano mfululizo ya ligi ya Belarusi, 2008 hadi 2012. Huko yeye ndiye aliyekuwa tembo, na kila Jumamosi kulikuwa na sungura anayemsubiri ateleze.