Bintu Byako Biko

Wazee wa Kisenge, huko Kongo, wanajua jinsi mali inavyoweza kuwepo na isifikike. Mwaka 1975 vita vya Angola vilipoikata reli ya Benguela, manganizi ya mgodi wao ilikosa njia ya kwenda bandari ya Lobito. Madini hayakuibwa wala hayakuoza. Yalikaa palepale. Ilipofika Machi 2018 ndipo treni iliyobeba manganizi ya Kongo ikaingia tena Lobito.

Habari hiyo ilinijia akilini nikiwa Kolwezi, kwenye kibanda cha fundi kompyuta, nimeketi karibu na mama mmoja muuza unga aliyetoka Kisenge. Radi ilikuwa imeunguza madabodi ya mashine yake, ile ambayo pale huitwa carte mère. Fundi alimtafutia nyingine ya mtumba, akakaza skrubu, akabonyeza swichi. Nembo ya Windows 7 ikachomoza, ikakatika, kioo kikageuka buluu kikiwa na tarakimu hizi: 0x0000007B. Mama akashika kichwa. Madeni yote ya wateja wake yalikuwa mle ndani. Fundi akamwambia kwa upole, kwa Kiswahili cha Katanga: "Mama, bintu byako biko. Njia njo haiko." Yaani vitu vyake vipo, njia ndiyo haipo.

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Tarakimu zile zina maana kwamba Windows imeanza kuamka, kisha ikashindwa kuifikia diski inamokaa yenyewe. Windows 7 inaposakinishwa huitazama madabodi iliyopo, ikaacha macho draiva inayohitajika, yaani programu ya kuiongoza diski, na zile zisizo na kazi ikazilaza. Bodi ya zamani ya mama iliiendesha diski kwa mtindo wa IDE. Hii ya pili ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa AHCI. Draiva ya AHCI ilikuwamo ndani ya diski ileile, imelala, na wa kuiamsha ni Windows, ambayo bila draiva hiyo haiamki.

Hapa ndipo wengi hukimbilia kufomati. Baada ya muda mfupi mashine inawaka vizuri, haina kitu. Anayeanza na hilo, kwangu mimi, bado ni mkaza skrubu.

Fundi wetu aliichomoa diski, akaiunganisha na kompyuta nyingine, akainakili yote kwenye diski ya akiba kabla ya kugusa chochote. Umeme ulikatika katikati. Uliporudi akaanza upya, bila kunung'unika. Nakala ilipokamilika akairudisha diski, akaingia kwenye mipangilio ya BIOS, akabadili AHCI kuwa IDE. Windows ikawaka. Lakini hakuishia hapo. Alifungua rejista ya Windows, akashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye huduma iitwayo msahci, penye neno Start na namba 3. Akaifuta 3, akaandika 0. Namba hiyo moja inaiambia draiva iamke mwanzoni kabisa mwa kuwaka. Akazima, akairudisha BIOS kwenye AHCI, akawasha. Kidole chake kilibaki juu ya meza, hakitikisiki, mpaka picha ya wajukuu wa mama ilipotokea kiooni.

Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, huhimili mabadiliko haya vizuri zaidi, na Linux mara nyingi huhamia bodi mpya bila shida, kwa kuwa kiini chake hubeba draiva nyingi. Hata hivyo kazi haijaisha, imehama tu. Leseni ya Windows 10 huitambua mashine hasa kwa madabodi yake. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, ikikuta bodi ngeni, itadai ufunguo wa tarakimu 48, na asiye nao hatasaidiwa na fundi yeyote. Basi uandike leo, mashine ingali nzima.

Mama alilipia bodi bila ubishi. Kwenye malipo ya kazi akauliza, mbona ghali, na skrubu zilikuwa chache? Sikumlaumu, saa zile za kunakili hazionekani kwa macho. Lakini nakuomba wewe msomaji, siku utakapompelekea fundi mashine yako, muulize kwanza kama atainakili diski, na akikubali, mlipe na saa hizo.