Mafunzo ya Takwimu: Yapime Kabla Hujachukua Cheti

Mtu anayekwenda Bule, wilayani Djugu katika mkoa wa Ituri, na dodoso mkononi hukwama kabla hajauliza swali lake la kwanza. Watu wa hapa ni wangapi? Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haijafanya sensa tangu mwaka 1984. Na toka vurugu za Djugu zilipozuka upya Desemba 2017, kambi za wakimbizi wa ndani zinazoizunguka Bule hujaa na kupukutika kufuata milio ya risasi. Orodha iliyokuwa sahihi Jumatatu, Alhamisi ni kumbukumbu tu. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022 kambi ya Plaine Savo, jirani kabisa na Bule, ilivamiwa na watu wasiopungua 60 wakauawa. Aliyeshika daftari la majina la wiki ile alishika majina ya marehemu, na ya walionusurika ambao hakujua wamelala wapi.

Basi ukialikwa Bunia, mji mkuu wa Ituri, kwenye mafunzo ya siku tano ya mbinu za utafiti, uwe mwanafunzi wa uongozi anayeandika memwari au mtumishi wa shirika anayetakiwa kupima kazi ya wenzake, usiangalie kwanza muhuri wa cheti. Angalia saa za asubuhi ya siku ya kwanza zinatumikaje. Mwalimu mzuri hafungui kwa fomula. Hufungua kwa orodha: umeipata wapi, nani ameachwa nje, nani amehesabiwa mara mbili kwa sababu ana kadi za kambi mbili. Huyo amewahi kufanya kazi hii. Anayeanza kwa kusema “tuchukue sampuli ya watu 384” bila kuuliza watu hao watatoka wapi, amekariri jedwali la ukubwa wa sampuli.

Kuna jaribio jingine zuri. Muulize anafanyaje pale ambapo orodha haipo. Zamani wapimaji wa chanjo walifundishwa kusimama katikati ya kijiji, kuzungusha kalamu chini, kisha kufuata upande ulikoelekea ncha. Njia hiyo ni nyepesi na ina dosari inayojulikana: nyumba za katikati huchaguliwa kupita kiasi, na katikati ndiko liliko soko, ndiko aliko chifu. Mwalimu akiisifu bila kuitaja dosari hiyo, umeshapata jibu lako.

Mimi hupenda sana kuona siku ya watoto. Namaanisha watoto kweli. Katika mtindo wa SMART, ambao mashirika hutumia kupima utapiamlo, kila mpimaji hupewa watoto 10 na kuwapima wote mara mbili bila kutazama alichoandika mwanzo. Halafu vipimo vyake hulinganishwa, cha kwanza na cha pili, kisha na vya msimamizi. Hapo ndipo mtu mwenye shahada mbili hugundua kwamba mkono wake haukubaliani na mkono wake. Kwenye utepe wa kupimia mkono wa mtoto, milimita 115 ndiyo mpaka wa utapiamlo mkali, kwa hiyo milimita mbili za uzembe zinaweza kumnyima mtoto maziwa ya tiba. Baadaye msimamizi hutazama tarakimu za mwisho. Zikirundikana kwenye 0 na 5, utepe haukusomwa, ulikisiwa.

Mtafiti wa mashirika atasema hayo ni ya wauguzi. Sivyo. Dodoso la kuuliza wafanyakazi kama wanaridhika na viongozi wao lina tarakimu zake za mwisho pia: karatasi arobaini zenye “nakubali” toka juu hadi chini, zote zimejazwa saa ile ile, chini ya mwembe mmoja. Mafunzo yasiyokufundisha kuzinusa karatasi hizo yamekuacha ulivyokuwa.

Hapo huingia lugha. Mizani ya kukubali na kukataa ilibuniwa na Rensis Likert mwaka 1932, na sisi huipeleka kijijini kama ilivyo. Jaribu kutofautisha “nakubali kiasi” na “nakubali” kwa Kilendu, mbele ya mama aliyesimama juani. Mwalimu wa kweli atataka dodoso litafsiriwe, kisha mtu mwingine ambaye hajaliona la asili alirudishe kwenye lugha ya mwanzo, na mlinganishe. Tena atakuonya kuhusu jambo la Djugu lenyewe: Wahema wengi wa kaskazini husema nyumbani Kilendu, lugha ya Walendu. Anayejaza kabila kwa kusikiliza lugha anapanga watu kombo, na katika nchi hii kumpanga mtu kombo si kosa la takwimu peke yake.

Kuhusu makundi, nitasema kwa ufupi. Wafanyakazi 300 wa mashirika sita si watu 300 walio mbalimbali. Walio shirika moja wana bosi mmoja, sera moja, uvumi mmoja. Ukionja ugali wa sufuria ile ile mara hamsini hujajua mapishi ya mtaa. Kozi isiyoligusa hili haimfai anayechunguza mashirika, hata ikiwa na programu nzuri namna gani. Na programu zenyewe ndizo za mwisho kuangalia: R ni ya bure, Kobo ya kukusanyia majibu inakaa kwenye simu, na vitufe utavijua mwenyewe usiku.

Usisahau kuuliza kama watasoma kisa cha nchi yao. Kati ya mwaka 2000 na 2007, shirika la misaada la IRC lilifanya tafiti tano za vifo Kongo na kukadiria vifo milioni 5.4 vya ziada tangu Agosti 1998. Mwaka 2010 watafiti wa Canada walipinga. Sehemu kubwa ya ubishi haikuwa juu ya hesabu. Ilikuwa juu ya kianzio: kwamba kabla ya vita wangekufa watu 1.5 kati ya 1,000 kwa mwezi, kadirio la wastani wa Afrika kusini mwa Sahara, wakati Kongo huenda ilikuwa na hali mbaya zaidi hata kabla ya vita. Ukibadili kianzio hicho kidogo tu, vifo vya ziada hupungua kwa mamilioni. Nisingependa kumlipa mwalimu anayefundisha Bunia bila kisa hiki.

Mwisho, muda. Chuo cha takwimu cha Afrika Mashariki kipo Dar es Salaam tangu 1961, na shule ya kiangazi ya mbinu za utafiti ya Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, tangu 1963. Vyote viwili hujua kwamba jambo hili huchukua wiki nyingi au miaka. Siku tano zinatosha kushika jambo moja. Ratiba inayoanza na wastani Jumatatu na kufika kwenye modeli za milinganyo Ijumaa imeandikwa kwa ajili ya mfadhili.

Kabla hujakubali mwaliko, omba utumiwe faili ya data ya mazoezi. Ikiwa haina hata kisanduku kimoja kitupu, haikutoka Bule.