Upataji Nafuu: Maneno Tunayomwitia Mtu Anayeacha Ulevi

Nyumba wanamokaa watu wanaojitoa katika pombe au dawa za kulevya, Bara na Zanzibar, huitwa nyumba za upataji nafuu. Nimewasikia wenzangu katika fani ya lugha wakiucheka msemo huu. Husema kwamba ni tafsiri nzito isiyo na ladha, na kwamba ingalifaa kusema "nyumba za tiba" au "nyumba za kuacha ulevi". Kwa miaka kadhaa nami nilikuwa wa rai hiyo. Katika makala hii nakusudia kuikosoa, na sababu za kuikosoa sikuzipata maktabani bali Bariadi.

Bariadi ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliotengwa mwaka 2012. Wenyeji wake wengi ni Wasukuma, na zao lao kuu la biashara ni pamba. Mkulima aliyengoja miezi mingi hupata fedha zake kwa mkupuo, na majira hayo ndiyo majaribu makubwa ya mtu aliyejitoa kilabuni. Kisukuma huita pombe walwa. Neno hili ni ndugu wa ubwalwa wa Kibemba na bojalwa wa Kitswana, yaani limetoka katika mzizi mmoja wa kale wa lugha za Kibantu. Basi pombe si mgeni wa jana. Imo katika harusi, katika kazi za pamoja na katika kupokea wageni. Atakayeikataa huonekana kana kwamba amewakataa watu.

Huko nilizungumza na mzee mmoja ambaye hakuwa ameonja pombe kwa miaka tisa. Nilipokuwa nikiandika maelezo yake alinizuia akasema, "Mwalimu, usiandike kwamba nimeacha. Andika kwamba naacha." Nikamwuliza tofauti. Akajibu kwamba aliwahi kusema "nimeacha" mara tatu, na mara zote tatu alirudi. Kisha akaongeza kwamba majirani wangali wakimwita mlevi.

Maneno ya mzee huyu yana sarufi kamili ndani yake. Tuanze na jina mlevi. Majina ya watendaji yaishiayo kwa -i, kama vile mwizi na mjuzi, aghalabu hutaja sifa iliyokwisha kumkaa mtu. Mwizi hakomi kuitwa mwizi siku asiyoiba. Kadhalika mlevi ni jina la tabia, si la tendo, ndiyo maana miaka tisa haikutosha kulifuta. Jina teja, wanaloitwa watumiaji wa heroini, ni baya zaidi, kwa kuwa wingi wake ni mateja. Upatanisho wake katika sentensi ni wa viumbe hai, lakini umbo lake ni la ngeli ya majitu na mapande. Mtu ameondolewa katika umbo la watu kabla hajaondolewa mtaani.

Ama kitenzi kuacha, kosa lake ni kwamba chafanya jambo la miaka kuwa tendo la mara moja. Kosa hili si la lugha tu. Mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu akikatiza pombe ghafula aweza kutetemeka, kuweweseka na kupatwa na degedege, hata akafa. Hana budi kuangaliwa na mganga wa hospitali. Amri fupi ya "acha pombe" haimwambii hayo. Yaonyesha kwamba lililopungua ni nia tu, na akishindwa humwongezea aibu.

Kiswahili kina kitenzi kingine kizuri, kulevuka, chenye maana ya kutokwa na ulevi. Kiambishi -uka hutengua, kama tuonavyo katika kunja na kunjuka, au fuma na fumuka. Yawezekana basi mtu akauliza kwa nini tusikitumie hiki. Jawabu ni kwamba kulevuka hutukia penyewe. Aliyelewa jioni hulevuka asubuhi bila jitihada yoyote, na jioni hulewa tena. Kitenzi hiki chataja kazi ya mwili, wala hakimtaji mtu mwenyewe, ambaye ndiye mtenda kazi hasa.

Sasa tuutazame upya upataji nafuu. Kiambishi -aji, kama walivyofundisha wanasarufi tangu zamani, huonyesha tendo la mazoea: mchezaji hucheza siku zote, mwindaji huwinda siku zote. Kwa hiyo upataji si kupata mara moja, bali ni kupata na kuendelea kupata. Nalo neno nafuu, lenye asili ya Kiarabu, halidai kupona. Mgonjwa asemaye "nina nafuu" akiri kwamba ugonjwa ungalipo na kwamba leo ni afadhali ya jana. Maneno haya mawili yasema hasa alichosema mzee wa Bariadi. Tena yapatana na mafundisho ya vikundi vya walevi wanaosaidiana, vilivyoanzishwa Marekani mwaka 1935, kwamba safari hii huhesabiwa siku moja moja.

Sidai kwamba msemo huu hauna kasoro. Sokoni nafuu ni ya bei, na mtu ambaye lugha yake ya kwanza ni Kisukuma aweza kulisikia hivyo kwanza. Tena msemo umetoa jina la nyumba bila kutoa jina la mkaaji. Wataalamu humwita mraibu, neno ambalo asili yake ni uraibu, yaani tambuu, tumbaku na vitu kama hivyo vya kutafuna kwa mazoea. Limesafiri mbali kutoka kwenye sinia ya tambuu, na ni la heshima kuliko teja. Lakini nalo lamtaja mtu kwa maradhi yake. Mwaka 1964 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza maneno ya zamani yaachwe na badala yake litumike neno lenye maana ya utegemezi. Hata madaktari, basi, wamelazimika kuyapima upya maneno yao.

Rai yangu ni kwamba tusiusahihishe upataji nafuu kwa ajili ya ufasaha. Kazi iliyobaki ni kumtafutia mkaaji wa nyumba hiyo jina, nalo lisitungwe na kamati peke yake. Twende kwanza Bariadi, tuwasikilize wanaosema "naacha", tuone wao hujiitaje.