Mkono wa Mwashi, Kilwa Kisiwani

Wageni wengi wanaovuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani hutaka kusikia habari za masultani. Wana haki. Mji huu ulishika biashara ya dhahabu ya Sofala, ukapiga sarafu zake wenyewe za shaba, na Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliuhesabu miongoni mwa miji mizuri. Mimi masultani nawaachia wengine. Kinachonivuta kisiwani ni kuta, pamoja na yule mwashi aliyezisimamisha, ambaye hakuna aliyeshughulika kuandika jina lake.

Mashua inatua karibu na Gereza, ngome iliyo ufukweni kabisa. Wareno walijenga ngome yao mahali hapa mwaka 1505 walipouteka mji. Hii inayoonekana leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye. Ukipandisha njia ya mchanga unaingia kijijini: nyumba za fito zilizokandikwa mawe na udongo, makuti juu, nyavu zimeanikwa, watoto wakikutolea shikamoo kabla hujawafikia. Magofu hayako mbali na watu. Mtu anapita kando ya Msikiti Mkuu akienda shamba, na mbuzi wanajua vivuli vya kuta za kale kuliko kiongozi yeyote wa watalii. Napenda sana hali hii. Historia iliyokaa na wenyewe haipotei njia.

Kisiwa chenyewe ni mwamba wa matumbawe ya kale yaliyoinuka kutoka baharini, na mwashi alianzia hapo. Alikuwa na mawe ya namna mbili. La kwanza ni lile la nchi kavu, gumu, limejaa vishimo na makali, halikubali kuchongwa likanyooka. Hilo ndilo mwili wa ukuta: linapangwa jinsi lilivyo, dogo likijaza pengo la kubwa, na chokaa nyingi kati yake. La pili hutoka majini. Ni tumbawe linalokatwa likiwa bado hai, maji yakiwa yamekupwa, na likiwa na unyevu wake ni laini kiasi kwamba tezo na patasi vinaingia bila kugombana nalo. Likikaa hewani linakauka na kuwa gumu. Kwa hiyo miimo ya milango, matao, nakshi za mihrabu, vyote vilichongwa mapema, jiwe lingali likisikia.

Hebu fikiria mtu anayefanya kazi kwa saa mbili zisizolingana. Kwa jiwe la bahari anawahi, maana kila jua linalochomoza linamnyang'anya ulaini. Kwa chokaa anangoja miezi. Sijui kazi nyingine ya mikono inayodai pupa na uvumilivu kwa mtu mmoja, kwenye ukuta mmoja.

Chokaa ndiyo iliyonikalisha zaidi. Tanuri la pwani halina kuta wala bomba. Magogo hupangwa duara juu ya ardhi, vichwa vikitazama katikati, safu juu ya safu, na katikati kunaachwa tundu la kuwashia. Kuni kavu hukaa ndani ili moto ushike, mbichi huwekwa nje na juu ili usikimbie. Halafu vipande vya matumbawe hurundikwa juu ya magogo. Moto unawekwa chini kupitia lile tundu, na kuanzia hapo fundi hana cha kushika tena. Hawezi kupunguza wala kuongeza. Hesabu yake yote ilikwisha wakati wa kupanga: magogo mangapi, unene gani, mbichi kiasi gani, mawe ya ukubwa gani. Jiwe linahitaji joto la nyuzi 900 hivi za selisiasi ili litoe hewa iliyofungwa ndani yake. Likipata pungufu, moyo wake unabaki jiwe, na kila kipande cha namna hiyo ni kuni zilizopotea bure.

Mzee mmoja mwashi, aliyeniita mwanangu tangu tulipoamkiana, alinionyesha kwa mikono namna ya kukijua kipande kilichoiva. Ukikiinua ni chepesi kuliko ulivyotazamia. Ukikigonga kwa kingine kinatoa mlio mkavu. Kingali na uzito wake, hakijaiva, kiweke kando kingoje tanuri lijalo. Hakutumia chombo chochote kunieleza haya. Mizani yake ni kiganja, na kiganja hicho kimeshika mawe mengi.

Kisha maji. Jiwe lililoungua likimwagiwa maji linachemka, linapasuka, linatoa mvuke, mwisho linalegea na kuwa unga au uji. Huku ndiko kuzima chokaa, na hapa watu huungua. Aliyewahi kurukiwa na tone jichoni hasahau. Baada ya hapo inaachwa. Wengine waliiacha nje inyeshewe na mvua, wengine waliifunika, lakini waashi wa pwani nzima wanakubaliana kwamba chokaa iliyokaa miezi mingi ni bora kuliko ya jana. Chembe zilizochelewa zinapata nafasi ya kuzimika zote, maana chembe moja hai ikiingia ukutani itakuja kufumuka baadaye na kubandua lipu. Chokaa iliyongojewa vizuri inakatika kwa mwiko kama samli iliyoganda. Ndipo inachanganywa na mchanga, na katika kuta nyingi za pwani na udongo mwekundu pia.

Nayo haikauki kama tope linavyokauka. Inavuta hewa kidogo kidogo, ile hewa iliyofukuzwa na moto tanurini, na kwa kuivuta inarudi kuwa jiwe. Juu hushika mapema. Ndani ya ukuta mnene huchukua miaka. Kuta za Msikiti Mkuu ziliendelea kugeuka jiwe ndani kwa ndani wakati watu walikuwa wamekwisha kuzizoea, wanasali, wanaoana, wanazikana.

Ingia sasa msikitini humo ukiwa na habari hizi. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11 au ya 12, ndogo, ya kiasi. Kusini yake ni ule upanuzi mkubwa wa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wenye matao, safu za nguzo na kuba. Nguzo za mwanzo za upanuzi huo zilikuwa za tumbawe, kila moja kipande kizima kilichochongwa pembe nane. Kulitoa jiwe la namna hiyo baharini bila kulivunja, kulifikisha pwani na kulichonga lingali na unyevu, kulitaka watu wengi wenye roho moja. Baadaye jengo lilianguka. Katika karne ya 15 waashi walilisimamisha upya, safari hii kwa nguzo za vipande vilivyoungwa kwa chokaa, na ndizo zinazobeba matao tunayopita chini yake. Wapo wanaoona kwamba kutoka kipande kizima hadi vipande ni kushuka daraja. Siafikiani nao. Waliojenga mara ya pili walisoma anguko la wenzao, wakaamini chokaa yao, na matao yao yapo.

Kuba ndogo ndogo huko ndani zinataka shingo yenye subira. Kwanza husimamishwa kiunzi cha miti kinachobeba umbo lote, juu yake hujazwa mawe madogo na chokaa, na chokaa ikishika kiunzi kinatolewa. Siku ya kutoa kiunzi ndiyo siku ya mtihani wa tanuri, wa maji na wa miezi yote ile ya kungoja. Si mbali na hapo kuna msikiti mwingine mdogo wa karne ya 15, wenye kuba, ambao mafundi wake walipachika bakuli za kung'arishwa zilizotoka ng'ambo, za Kichina zikiwamo, kwenye tumbo la kuba. Bakuli ilisafiri bahari nzima, ikamfikia mwashi aliyesimama juu ya jukwaa la miti, chokaa ikiwa mbichi. Nafasi ya kuiweka sawa ilikuwa moja.

Vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba, na hilo nalo lina sababu inayopendeza. Paa bapa lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti inayoweza kubeba sakafu nzito ya mawe na chokaa hairefuki sana kupita mita tatu. Mti wa kapani ndio uliompimia tajiri upana wa chumba chake. Hata Husuni Kubwa, jumba la kifahari lililo juu ya jabali upande wa mashariki, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane, lilitii kipimo hicho. Huko nenda asubuhi, kwa miguu, na kaa kwenye birika muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Magofu ya Kilwa Kisiwani pamoja na ya Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, bahari ikila ufukwe na kuta zikidondoka, na yalitolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kukarabati. Watu wa kijijini walishika mwiko katika kazi hiyo, na jambo la kwanza linalowekwa wazi kwa mwashi wa magofu ni kutotumia saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe linaloizunguka na haipitishi unyevu. Chumvi inajifungia nyuma yake, halafu jiwe la kale ndilo linalomeguka. Chokaa inapumua pamoja na ukuta.

Linalonisumbua ni kuni. Tanuri moja linameza miti mingi, mikoko ikiwamo, na mikoko hiyo hiyo ndiyo inayozuia mawimbi yasiufikie ufukwe wa magofu. Tumbawe hai nalo ni nyumba ya samaki wanaokilisha kijiji, kwa hiyo liachwe baharini. Jiwe la nchi kavu linatosha kuchomwa. Kwa kuni, ningependa kuona matanuri yakipangwa kwa mikorosho iliyozeeka, ambayo wakulima wa Kilwa huikata wenyewe wanapopanda mipya, pamoja na vifuu vya nazi. Moto wake utakuwa mwingine, na mafundi watalazimika kuanza upya hesabu ya magogo: kipi ndani, kipi nje, kiasi gani kibichi. Wazee wenye viganja vinavyojua jiwe lililoiva bado wapo kijijini, na majaribio hayo yafanywe wakiwa wamekaa pale, vijana wakiwapitishia vipande mkononi kimoja kimoja.