Neno, Kiapo na Uhuru: Kinjeketile Mbele ya Kaya Fungo

Katika tamthilia ya Kinjeketile (1969), Ebrahim Hussein anamwonyesha mhusika mkuu, akiwa mateka wa Wajerumani, akikataa kuyakana maji ambayo mwenyewe hana imani nayo tena. Dhamira ni dhahiri: neno lililokwisha kuwaunganisha watu si mali ya aliyelitamka. Hoja hiyo yafaa kupimwa pia nje ya Umatumbi, katika bara ya Kilifi na Malindi. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwahimiza Wagiriama, nao wakaapa Kaya Fungo kuwanyima Waingereza kodi na vibarua. Serikali ikamkamata na kumhamishia magharibi ya nchi, kiapo kikabaki. Agosti 1914 kaya ikalipuliwa kwa baruti, vita vikazuka. Hapo ndipo upungufu wa tamthilia unapojitokeza: Hussein analitia neno kinywani mwa mwanamume mmoja, ilhali Wagiriama walikuwa na viapo viwili, cha wanawake na cha wanaume. Uhuru wa 1963 haukuzaliwa na viapo hivyo peke yake. Lakini mhakiki anayeuanzia katika vyama vya siasa ameshika sura ya mwisho akidhani ni dibaji.