Shahidi wa Jirani

Mtu aletaye habari ni shahidi, na mtu aipokeaye ni hakimu. Wengi wetu hujidhani kuwa wasikilizaji tu, wasio na dhima yoyote. Lakini kila tusomapo gazeti, tusikilizapo redio au tufunguapo simu, tunaamua mioyoni mwetu kwamba fulani ni mwema na fulani ni mwovu, kwamba mtaa huu ni wa watu na mtaa ule ni wa wezi. Hukumu hiyo hutolewa kimya, na aliyehukumiwa huibeba. Katika Amri Kumi Mungu amekataza kumshuhudia jirani uongo. Yafaa, msomaji kijana, tuitazame amri hiyo kwa habari za siku hizi, na mifano yetu itoke Kibera na Kawangware, katika jiji la Nairobi.

Iko habari ambayo nitaiita habari ya kishindo. Nia yake ni kumshtua mtu ili asimame, anunue na asimulie. Haina haja ya uongo mtupu. Huokota jambo moja la kweli, hulitenga na mengine, kisha hulikuza mpaka likaziba yote. Kitabu cha Hesabu kina kisa cha wapelelezi kumi na wawili waliotumwa na Musa kuitazama nchi ya Kanaani. Wote waliiona nchi ile ile kwa siku arubaini. Kumi walirudi wakasema habari za majitu na miji yenye ngome. Ngome zilikuwako kweli. Lakini waliendelea mpaka wakasema nchi hiyo hula watu wake, na kwamba wao walikuwa kama panzi mbele ya wenyeji. Zabibu walizozibeba kwa mti mabegani walizisahau vinywani. Usiku ule watu wote walilia, wakataka kurudi utumwani. Yoshua na Kalebu hawakukana hatari iliyokuwako, walikataa kuiongeza.

Sasa tuitazame Kibera. Kwa miaka mingi iliandikwa, ndani na nje ya Kenya, kwamba mtaa huo una watu milioni moja au zaidi. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipata watu 170,070. Makadirio mengine ya watafiti yalizidi hapo, lakini yalibaki mbali sana na milioni. Yamkini waliotangaza milioni hawakuwa na chuki. Pengine walikuwa na huruma, wakitaka dunia iwasaidie maskini. Lakini huruma haimpi mtu ruhusa ya kushuhudia uongo. Anayewazidisha watu mara tano ili waonewe huruma huwafanya rundo la taabu, na katika rundo haonekani seremala, mwalimu, wala mama achomaye mandazi alfajiri ili mtoto wake alipiwe karo.

Mwaka huo huo wa 2009 ilianza kazi iitwayo Map Kibera. Vijana wa mtaa wenyewe walipita katika vichochoro wakiwa na vyombo vya kupimia mahali, wakaandika palipo zahanati, shule, kioski cha maji, choo, kanisa na msikiti. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na vijana hao waliinama. Kazi yao haikuwa na kishindo. Hata hivyo, mama mwenye mtoto mgonjwa hufaidika zaidi kwa kujua zahanati ilipo kuliko kwa dunia kuambiwa kuwa yeye ni mmoja katika milioni.

Wala mtu asidhani kwamba dawa ya kishindo ni kunyamaza. Tarehe 30 Desemba 2007, fujo zilipoanza baada ya uchaguzi, serikali ya Kenya ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mlango wa habari ukifungwa, uvumi huingia kwa dirishani. Baadaye, mwaka 2008, Tume ya Jaji Waki ilieleza jinsi baadhi ya redio zilivyoeneza maneno ya chuki. Lakini katika siku hizo hizo Pamoja FM, redio ndogo ya Kibera iliyoanzishwa mwaka 2007, ilikuwa ikiwasihi wasikilizaji wa makabila yote watulie. Mtangazaji aliyesema humo alikuwa akisema na watu ambao kesho angekutana nao bombani. Asemaye karibu na jirani yake hupima maneno.

Kaskazini-magharibi ya Kibera, ng'ambo ya Barabara ya Ngong, iko Kawangware. Sehemu moja yake huitwa Kawangware 46, kwa nambari ya matatu zinazoishia pale. Tarehe 26 Oktoba 2017 Kenya ilirudia uchaguzi wa rais, baada ya Mahakama ya Juu kuubatilisha ule wa Agosti. Kesho yake ghasia zilizuka Kawangware. Vibanda viliteketezwa, na majirani waliozoea kukopeshana chumvi wakaogopana kwa kabila. Katika nyakati kama hizo husemwa, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wengi huitumia methali hiyo kuutetea uvumi. Mimi naisoma kuwa onyo. Mara nyingi jambo ambalo halipo huja kwa sababu limesemwa. Ukimwambia mtu kwamba jirani yake anakuja kumshambulia, atashika panga. Jirani akiliona panga, naye atashika lake. Na uongo wa jioni utakuwa kweli ya usiku.

Pengine utauliza, Je, mwandishi mwaminifu afiche maovu ili amani idumu? Hasha. Nabii Nathani hakumficha Mfalme Daudi dhambi yake. Alisimama mbele yake akamwambia kuwa mtu mwenye hatia ni yeye. Mtu akiuawa kwa dhuluma, na iandikwe: nani, wapi, lini, na nani aliona. Nathani alimkabili mwenye kosa. Hakulitukana kabila lake lote. Ukweli humtaja mkosaji. Kishindo huwapaka tope hata majirani zake.

Basi unapopokea habari, iulize maswali machache. Je, aliyeileta alikuwako, au alisikia kwa aliyesikia? Je, amemsikiliza na yule anayeshutumiwa? Je, watu wa mtaa unaosimuliwa wakiisoma, watasema, Ndivyo tulivyo, hata kama yanauma? Luka, kabla ya kuandika Injili yake, anatueleza kwamba alijitafutia mambo yote kwa usahihi tangu mwanzo, kutoka kwa walioyaona kwa macho. Ikiwa mtu aliyeandika Habari Njema alijitwisha taabu hiyo, sisi tupelekao habari za moto na damu kwa kubonyeza kidole tutajitetea kwa neno gani?

Zamani shahidi wa uongo alisimama mbele ya wazee akaonekana uso. Leo kila mwenye simu aweza kuwa shahidi mbele ya maelfu, naye uso wake hauonekani. Lakini Mungu anauona, na jirani anayetajwa ana jina, ana mlango, na ana watoto waliolala nyuma ya mlango huo. Mfikirie huyo kabla hujaituma.